Modeli yako ya kwanza ya bonde la mafuta: kutoka jedwali la matabaka hadi mwamba kuiva

Kila muhula maswali yanajirudia. "Nimewekewa PetroMod, programu ya kuiga mabonde, kwenye kompyuta, nianzie wapi?" "Mbona modeli yangu inasema bonde la Wembere kuna mafuta, na ya mwenzangu inasema hakuna?" "Programu imekuja na mtiririko wa joto wa 60, niuache hivyohivyo?" Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliye chuoni hapa Dodoma ukisomea jiolojia au uhandisi wa petroli, na kwa mjiolojia mchanga aliyepewa bonde lenye data haba na kuambiwa alete tathmini.

Usianze na programu. Anza na lahajedwali, nukta moja kwenye ramani, safu moja ya matabaka. Programu kubwa za kuiga mabonde zinafanya hesabu zilezile utakazofanya hapa kwa mkono, ila zinazirudia mara maelfu na kukupa picha za rangi. Ukiwa hujui hesabu inavyokwenda, rangi zitakudanganya na hutajua umedanganywa wapi.

KINACHOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Kompyuta. Kwa modeli ya nukta moja, laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kabisa. Kwa modeli ya bonde zima, GB 32 ndiyo pa kuanzia, pamoja na UPS.

Lahajedwali. Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure. Fomula zilizo hapa chini zinakubali kote kuwili.

Programu ya kuiga bonde, kwa hatua za mwisho. Zinazotumika sana ni PetroMod ya SLB, TemisFlow ya Beicip-Franlab ya Ufaransa na BasinMod ya Platte River Associates ya Marekani. Zote zinataka leseni, kwa hiyo ulizia idara yako kama inayo ya kitaaluma. Usipopata, ipo pybasin, ya bure, iliyoandikwa kwa Python, na kwa modeli ya nukta moja inakutosha. Nakala iliyovunjwa leseni iache: matokeo yake huwezi kuyawasilisha popote.

Data za eneo lako. Unahitaji kina cha juu na cha chini cha kila tabaka, umri wake, aina ya mwamba, joto lililopimwa kisimani, na kama yapo, majibu ya maabara ya mwamba chanzo: kaboni ogani kwa asilimia, HI (mg za haidrokaboni ambazo kila gramu ya kaboni hiyo bado inaweza kutoa), Tmax (joto la tanuru ya maabara ambalo sampuli hutoa haidrokaboni kwa wingi zaidi), na uakisi wa vitrinaiti (vipande vya mabaki ya miti ndani ya mwamba) ambao huandikwa Ro. Data za visima na mitetemo (seismic) za Tanzania ni mali ya Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya 2015, hivyo huombwa kwa barua kupitia taasisi yako. Anza kuandika barua hiyo mapema, kabla hata ya kuandika pendekezo la utafiti. Ramani za kijiolojia utazipata GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, hapahapa Dodoma.

Data za mazoezi. Wakati unasubiri majibu ya barua, nenda kwenye FactPages za Sodir, mamlaka ya Norway inayosimamia rasilimali za baharini. Visima vyao vimewekwa wazi pamoja na vilele vya matabaka na joto la chini ya kisima. Equinor nao waliachia data zote za uga wa Volve mwaka 2018. Jifunzie huko, kwenye majibu yanayojulikana, kabla hujaja kwenye bonde ambalo jibu lake hakuna anayelijua.

Daftari la karatasi. Kila namba utakayoingiza iandikie ilikotoka: imepimwa, imekisiwa, au imeazimwa bonde jingine. Miezi mitatu baadaye msimamizi atakuuliza kuhusu namba moja tu, na itakuwa ile ambayo hukuiandika.

NADHARIA, KWA UFUPI

Mwamba chanzo ni mwamba tope wenye mabaki ya viumbe. Ukifukiwa unapata joto, na kerojeni, yaani mabaki hayo yakiwa yameganda ndani ya mwamba, inavunjika kuwa mafuta, kisha gesi. Modeli inajibu maswali matatu kwa kila kipindi: mwamba ulikuwa kina gani, ulikuwa na joto gani, na umeiva kiasi gani. Kuiva kunasomwa kwa Ro. Chini ya 0.6 mwamba bado mbichi. Kati ya 0.6 na 1.3 uko kwenye dirisha la mafuta. Ukipita 1.3 unaelekea kwenye gesi.

HATUA KWA HATUA

1. Andika jedwali la matabaka kwa mkono.

Safu mlalo moja kwa kila tabaka, kuanzia juu: kina cha juu, kina cha chini, umri wa kuanza na wa kuisha kutuama, aina ya mwamba. Kisha weka safu mlalo kwa kila kipindi ambacho hakuna kilichotuama, na kwa kila kipindi ambacho mashapo yalimomonyoka. Wengi husahau hizi za mwisho kwa sababu hazionekani kwenye kisima. Pengo la miaka milioni tatu halina unene, lakini lina muda, na muda unaivisha.

Hapohapo amua kina chako kinahesabiwa kutoka wapi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kumbukumbu ya kisima inaanzia kwenye meza ya mtambo wa kuchimbia, ramani ya mitetemo inaweza kuanzia usawa wa bahari, na modeli inataka kuanzia ardhini. Ukichanganya hizo mbili za kwanza umeshakosea zaidi ya kilomita nzima kabla hujakokotoa chochote. Badilisha vyote viwe kina kutoka ardhini, kwa kilomita.

2. Rudisha unene wa zamani.

Matope yanapotuama yamejaa maji. Yakifukiwa yanakamuliwa na kupungua unene. Kwa hiyo huwezi kuchukua unene wa leo ukadhani ndio uliokuwepo siku zote. Porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo matundu, hupungua kwa kina hivi: porositi ya juuni, mara EXP(-c × kina). Vigezo vilivyozoeleka ni 0.63 na c ya 0.51 kwa kilomita kwa mwamba tope, 0.49 na 0.27 kwa mwamba mchanga, na 0.56 na 0.39 kwa mchanga wenye matope.

Fanya mfano huu kwa vidole vyako mwenyewe. Tabaka la mwamba tope liko kati ya kilomita 2.0 na 2.3. A2 weka 2.0, B2 weka 2.3, C2 weka 0.63, D2 weka 0.51. Kwenye E2 andika

=B2-A2-C2/D2*(EXP(-D2*A2)-EXP(-D2*B2))

Utapata 0.2368. Yaani katika zile mita 300, mwamba mtupu ni mita 237 na zilizobaki ni maji. Huo mwamba mtupu haubadiliki, na ndio unaokuruhusu kurudi nyuma. Sasa F2 weka =B2-A2, kisha G2 andika

=$E2+$C2/$D2*(1-EXP(-$D2*F2))

na uivute kulia hadi P2. Namba itapanda: 0.412, 0.471, 0.501, 0.515, kisha itatulia karibu na 0.529. Tabaka la mita 300 leo lilikuwa na mita 529 siku lilipokuwa juu kabisa. Hesabu inahitaji raundi zote hizo kwa sababu unene unategemea porositi, na porositi inategemea unene. Ukiishia raundi ya tatu utabaki na upungufu wa karibu mita 30, na kosa hilo litashuka kwenye kila tabaka la chini yake.

Kwa tabaka ambalo juu yake kuna jingine, ile 1 ndani ya mabano inakuwa EXP(-c × kina kipya cha juu), kina hicho kinaongezwa mbele, na F2 nayo inaanza na kina hicho pamoja na unene wa leo. Vua tabaka la juu kabisa, pandisha yaliyobaki, kokotoa upya, andika kina. Vua linalofuata. Ukimaliza, chora kina dhidi ya muda. Huo ndio mchoro wa historia ya kufukiwa, na ukiuangalia vizuri utaona makosa ya umri kabla programu haijayaficha.

3. Sahihisha joto la kisima.

Joto linaloandikwa kwenye kichwa cha kumbukumbu ya kisima karibu siku zote ni la chini kuliko joto la mwamba, kwa sababu tope la kuchimbia limepooza kisima. Angalia mstari wenye saa ambazo zimepita tangu mzunguko wa tope usimame. Mara nyingi umeandikwa kwa kalamu, pembeni, na ndiyo namba yenye thamani kuliko zote kwenye karatasi ile.

Tuseme tope lilizunguka kwa saa 4. Baada ya saa 6 kipimajoto kilisoma 90 °C, baada ya saa 12 kikasoma 94, baada ya saa 20 kikasoma 96. Kwa kila kipimo tafuta LN((4+saa)/saa): utapata 0.511, 0.288 na 0.182. Chora joto dhidi ya namba hizo, nyoosha mstari hadi sifuri, au tumia INTERCEPT. Jibu ni karibu 99 °C. Aliyechukua kipimo cha kwanza bila kusahihisha amepungukiwa na nyuzi tisa, na nyuzi tisa zinaweza kuhamisha dirisha la mafuta kwa mita mia mbili au tatu. Kama una kipimo kimoja tu, usijitengenezee usahihi usiokuwepo: kiweke kama kiwango cha chini, mstari wa modeli upite juu yake.

4. Weka joto la juu, upitishaji joto na mtiririko wa joto.

Joto la juu ni wastani wa mwaka wa ardhi ya eneo lako. Kwa uwanda wa kati anza na 23 °C. Kwa bonde lililokuwa chini ya ziwa, tumia joto la kitako cha ziwa kwa kipindi hicho.

Upitishaji joto wa mwamba unategemea maji yaliyomo. Maji yana 0.6 W/mK. Chukua upitishaji wa mwamba mtupu uupandishe kwa nguvu ya (1-porositi), zidisha kwa 0.6 iliyopandishwa kwa nguvu ya porositi. Kwa mwamba tope wa 2.0 wenye porositi ya 0.21 utapata 1.55. Mwamba huohuo ukiwa juuni na porositi ya 0.63 unapata 0.94 tu. Ndiyo maana matope mabichi hufunika bonde kama blanketi. Kupata wastani wa safu nzima usijumlishe ukagawanya kwa idadi. Gawa unene wa kila tabaka kwa upitishaji wake, jumlisha, kisha gawa unene wote kwa jumla hiyo.

Mtiririko wa joto, yaani joto linalopanda kutoka chini ya ardhi, ndio unaoamua karibu kila kitu, na ndio namba ambayo watu huiacha kama ilivyokuja. Ile 60 mW/m² ya programu ni wastani tu wa mabara. Katikati ya Tanzania tumekaa juu ya kratoni, yaani kipande kigumu cha bara, kongwe, baridi, ambako mtiririko wa joto huwa chini ya 40. Lakini ufa unapopasua kingo za kratoni hiyo, kama kule Eyasi, hali inaweza kubadilika ndani ya kilomita chache, na kwenye ufa wenye volkano unaweza kupita 80. Kwa hiyo 60 haimwakilishi yeyote kati ya hao wawili. Tafuta kipimo cha karibu kabisa, na kama hakipo endesha modeli mara mbili, moja ya kratoni na moja ya ufa, uonyeshe zote.

5. Kokotoa kuiva, kwanza kwa TTI.

Kipimo cha TTI (fahirisi ya muda na joto) cha Lopatin ni cha zamani na kikali kupita kiasi kwenye mambo fulani, ila kinafundisha. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kuiva inazidishwa mara mbili. Kati ya 100 na 110 °C kizidisho ni 1, kati ya 110 na 120 ni 2, kati ya 90 na 100 ni 0.5. Zidisha kizidisho kwa miaka milioni ambayo mwamba ulikaa katika kila ngazi, jumlisha. TTI ya 15 ni mwanzo wa dirisha la mafuta, 75 ni kilele, 160 ni mwisho.

Chukua kisima cha kufikirika, maana takwimu hizi ni za kufundishia tu. Kitako cha mwamba chanzo kiko mita 2,300, kimefukiwa kwa mwendo uleule kwa miaka milioni 12, upitishaji wa wastani ni 1.8. Kwa mtiririko wa 60, joto linapanda 33 kwa kilomita, na mwamba leo una 100 °C. Kila ngazi ya nyuzi 10 ilichukua miaka milioni 1.57. Jumla ya TTI ni karibu 1.6. Mbichi kabisa! Hapa ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu wamekariri kwamba mafuta huanza kwenye 100 °C. Inategemea umekaa kwenye 100 hiyo muda gani. Maharage yaliyochemka dakika tano na yaliyochemka saa mbili yote yamefika joto moja.

Badilisha kitu kimoja tu: mtiririko uwe 90. Joto la mwamba linakuwa 138 °C, kila ngazi inachukua miaka milioni 1.04, na jumla inafika karibu 15. Bonde lilelile, matabaka yaleyale, umri uleule, na jibu limehama kutoka "hakuna" hadi "mlangoni kabisa". Ukiulizwa kwa nini modeli yako na ya mwenzako hazikubaliani, angalieni kwanza namba hii.

6. Kisha kwa Easy%Ro.

Hii ndiyo njia ya Sweeney na Burnham ya 1990, na programu nyingi zinayo ndani. Kuna nishati za uamilisho (nishati ya kuanzisha mmenyuko) 20, kuanzia 34 hadi 72 kcal/mol kwa hatua ya 2. Ziandike E1 hadi X1. Chini yake, E2 hadi X2, weka uzito wake kwa mpangilio huu: 0.03, 0.03, 0.04, 0.04, 0.05, 0.05, 0.06, 0.04, 0.04, 0.07, 0.06, 0.06, 0.06, 0.05, 0.05, 0.04, 0.03, 0.02, 0.02, 0.01. Jumla lazima iwe 0.85. Isipokuwa hivyo, umekosea kunakili.

Safu mlalo ya 3 jaza sifuri. Kuanzia ya 4, kila mlalo ni hatua moja ya muda: A umri, B joto la mwisho wa hatua, C wastani wa joto la hatua kwa Kelvini, D muda wa hatua kwa sekunde. Mwaka milioni moja una sekunde 3.156E13. Kwenye E4 andika

=E3+1E13*EXP(-E$1/(0.001987*$C4))*$D4

Vuta hadi X4, kisha vuta chini. Y4 iwe =SUMPRODUCT(E$2:X$2,1-EXP(-E4:X4)) na Z4 iwe =EXP(-1.6+3.7*Y4). Hiyo Z ndiyo Ro yako kwa kila wakati.

Jaribu lahajedwali kabla ya kuliamini. Ukiweka joto la 20 °C kwa muda mfupi, Ro ibaki 0.20. Ukiweka 500 °C kwa mamilioni ya miaka, iishie 4.69. Ikipita hapo kuna seli iliyovutwa vibaya. Hatua za joto zisizidi nyuzi 2, kwani hatua ndefu inaficha muda ambao mwamba ulikuwa na joto zaidi ya wastani.

Kwa kisima chetu cha kufikirika, mtiririko wa 60 unatoa Ro ya karibu 0.52 na ule wa 90 unatoa karibu 0.77. Njia zote mbili zinasema wa kwanza ni mbichi. Kwa wa pili, Easy%Ro inauona umeiva zaidi kuliko TTI, ambayo 15 yake hulinganishwa na Ro ya 0.65. Kwenye bonde changa lililopashwa haraka, ifuate Easy%Ro.

7. Linganisha na vipimo, ukigeuza kitu kimoja kwa wakati.

Weka vipimo vya joto na vya Ro kwenye mchoro mmoja na mstari wa modeli. Anza na joto la leo: geuza mtiririko wa joto wa leo mpaka mstari upite kwenye joto lililosahihishwa. Ukishapita hapo usiuguse tena. Kisha nenda kwenye Ro, ambayo inakumbuka ya zamani: geuza mmomonyoko, au mtiririko wa zamani. Anayegeuza vyote kwa pamoja atapata mstari mzuri kwa sababu zisizo sahihi.

Jinsi ya kuutambua mmomonyoko: chora Ro kwa mizani ya logi dhidi ya kina, unyooshe mstari hadi juuni. Bonde lisilomomonyoka hufika juu kwenye 0.20 hadi 0.25. Ukifika juu na 0.40, kuna mashapo yaliyokuwepo na yameondoka. Ukiona mruko katikati ya mstari, mmomonyoko ulitokea hapo kwenye pengo.

8. Sasa fungua programu kubwa.

Ingiza jedwali lilelile, nukta ileile. Modeli ya nukta moja ndani ya programu ikupe karibu jibu lile la lahajedwali. Tofauti ya nyuzi mbili tatu ni ya kawaida, kwa kuwa programu inahesabu joto linavyochukua muda kupenya mashapo mapya. Tofauti ya nyuzi 15 ina maana kuna kigezo cha programu ambacho hukukiona. Mara nyingi ni upitishaji joto: umechagua "mwamba tope" kwenye orodha yao na wao wana namba zao.

Kwenye kerojeni, chagua aina inayolingana na mazingira. Mabonde ya ufa ni ya maziwa, na kerojeni ya ziwa ni aina ya kwanza, ambayo huanza kuvunjika kwa kuchelewa na hutoa mafuta yenye nta. Mafuta ya Ziwa Albert ya Uganda ni ya namna hiyo, na ndiyo maana bomba la EACOP, kilomita 1,443 hadi Chongoleani Tanga, linalokatiza pia mkoa wetu wa Dodoma, limebuniwa kupashwa joto. Usiazime vigezo vya pwani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, 1982, imo kwenye mabonde ya zamani sana yenye historia nyingine kabisa.

Ukiridhika na nukta moja, ongeza ya pili, ya tatu, kisha mkato wa mitetemo, kisha ramani. Usiruke.

9. Kokotoa kiasi, na uangalie muda.

Kwa kila kilomita ya mraba: unene × msongamano × kaboni ogani × punguo la HI. Mwamba wa mita 50, msongamano 2.4, kaboni asilimia 3, HI iliyoshuka kwa mg 200 kwa gramu, umetoa tani 720,000. Hizo ni zilizozalishwa. Nyingi hubaki ndani ya mwamba au hupotea njiani, na tafadhali usiziandike kwenye muhtasari kama akiba. Kumbuka pia kaboni iliyopimwa leo ni mabaki. Mwamba ulioiva ulianza na zaidi.

Kisha uliza: mtego ulikuwepo mafuta yalipotoka? Kama ufa ulipinda matabaka miaka milioni 2 iliyopita na mwamba ulitoa mafuta miaka milioni 4 iliyopita, hayo ya kwanza hayakuwa na pa kukaa.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Seli zinaonyesha #VALUE! au hesabu hazikubali. Faili limetoka kompyuta inayotumia mkato badala ya nukta, kwa hiyo 0,51 inasomwa kama maneno. Badilisha yote kwa mkupuo.

Ro inaanza 0.20 na haisogei. Joto liko kwa Selsiasi kwenye safu ya C badala ya Kelvini, au muda uko kwa miaka badala ya sekunde.

Ro imeruka hadi 4.69 kwenye hatua ya kwanza. Nishati za uamilisho tayari ziko kwa kcal na wewe umezigawa tena kwa 4.184, au umeweka kigezo cha kJ, 0.008314, badala ya 0.001987 ambacho ni cha kcal. 1 kcal ni 4.184 kJ.

Tabaka lina unene hasi kwenye mchoro. Umri wa kuanza na wa kuisha vimebadilishana, au mmomonyoko umekula zaidi ya kilichokuwepo.

Joto linakubali, lakini Ro iliyopimwa inazidi ya modeli kwa matabaka yote. Mmomonyoko umesahaulika, au zamani kulikuwa na joto zaidi. Ikikataa kwenye sampuli moja tu, shuku sampuli: vitrinaiti iliyosafirishwa kutoka mwamba mkongwe zaidi husoma juu, na vipande vya mwamba vilivyoporomoka kutoka juu ya kisima husoma chini.

Tmax inasema 435 °C na wewe unaona mwamba una 100 °C. Hakuna mgongano. Tmax ni joto la tanuru ya maabara, linalopashwa kwa dakika, na 435 humaanisha mwanzo wa kuiva. Usiiingize kwenye safu ya joto la mwamba.

Programu inakokotoa saa nzima kisha inaanguka. Seli za gridi ni ndogo mno. Anza na seli za kilomita 2, hakikisha inafika mwisho, ndipo uzipunguze. Hifadhi kabla ya kila ukokotoaji, kwa jina jipya lenye tarehe, kwani umeme ukikatika katikati faili linaweza kuharibika lisifunguke tena.

Bonde halina kisima hata kimoja. Tengeneza kisima cha bandia mahali ambapo mitetemo au uvutano unaonyesha mashapo mazito zaidi, toa modeli tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kwenye kila mchoro andika kwamba haujalinganishwa na kipimo chochote. Usitoe ramani moja ya rangi bila maneno hayo.

"Je, naweza kuiga mbuga ya Bahi? Iko karibu na ina mashapo." Piga hesabu kwanza. Hata tukikupa mita 300 za mashapo kwa nyuzi 30 kwa kilomita, umeongeza nyuzi 9 juu ya 23. Mwamba wenye 32 °C haujaanza hata kupashwa. Itumie Bahi kujifunza kuchora matabaka ya ziwa linalokauka, na nguvu za modeli zipeleke Eyasi na Wembere.